Wanyama wasio na uti wa mgongo: nani hulinda muhogo, mawese na ndagala wa Maziwa Makuu?

Muhogo unaouzwa katika masoko ya Uvira, mawese yanayokamuliwa Rumonge na Kigoma, na ndagala wanaoanikwa mchangani kandokando ya Ziwa Tanganyika vina deni moja la pamoja. Vyote vitatu hutegemea kazi ya wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo, ambao kwa kawaida hutajwa katika taarifa za habari pale tu wanapoleta njaa au maradhi.

Wanasayansi wamekwisha kuzitambua na kuzipa majina spishi zipatazo milioni moja za wadudu pekee. Wanyama wote wenye uti wa mgongo, yaani samaki, vyura, mijusi na nyoka, ndege, pamoja na wanyonyeshao, hawazidi spishi 80,000. Ukiwaongeza konokono, minyoo, buibui, kaa na jamaa zao wa baharini, zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama zinazojulikana duniani hazina uti wa mgongo.

Kundi linaloitwa kwa kile lisichonacho

Jina lao ni la kukanusha. Aliyeliingiza katika sayansi ni Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck, ambaye mwaka 1793 alikabidhiwa nafasi ya kufundisha habari za wadudu na minyoo katika jumba la makumbusho ya historia asilia mjini Paris. Mwaka 1801 alichapisha kitabu chake cha kwanza cha kuwapanga wanyama hao. Kabla yake walirundikwa pamoja kama mabaki, baada ya wanyama walioonekana kuwa na hadhi kupangwa vizuri.

Kwa hakika si ukoo mmoja. Nyuki na nyungunyungu wako mbalimbali kinasaba kuliko binadamu alivyo mbali na sato. Kiti cha pweza, yule mnyama wa pwani mwenye umbo la nyota, yu karibu zaidi na binadamu kuliko na pweza aliyempa jina. Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alipata njia yake ya kusimama bila mifupa. Wadudu, buibui, kaa na jongoo hubeba kiunzi chao nje, gamba gumu wanalolivua kila wanapokua. Konokono hujenga nyumba ya chokaa. Nyungunyungu hujikaza kwa maji yaliyomo mwilini mwake, kama mpira uliojazwa ukafungwa mdomo.

Katika Kiswahili cha kila siku karibu wote hawa huitwa wadudu. Buibui ni mdudu, nge ni mdudu, na hata ugonjwa usiojulikana chanzo chake husemwa umeletwa na mdudu. Kwa mwanasayansi, mdudu ana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo. Buibui mwenye miguu minane hayumo. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ya darasani tu, lakini lugha ina athari yake shambani. Sumu ya kunyunyizia mimea huitwa dawa, neno lile lile la kidonge cha hospitali, na kitu kiitwacho dawa ni vigumu kukiogopa. Maafisa wa kilimo nchini Tanzania sasa husema viuatilifu, neno zito kidogo mdomoni lakini la kweli zaidi.

Nyigu wa milimita mbili na muhogo wa Afrika

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa muhogo katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville waliona jambo geni. Ncha za mimea zilijikunja na kusinyaa, majani yakapukutika, na mashina yakabaki kama fimbo zilizochomekwa ardhini. Kwenye majani machanga palikuwa na kitu cheupe kama unga. Walikuwa ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea na kujifunika kwa nta nyeupe. Aina hiyo haikuwahi kuonekana Afrika. Ilipewa jina rasmi la kisayansi, Phenacoccus manihoti, mwaka 1977.

Muhogo wenyewe ni mgeni barani. Wareno waliuleta kutoka Amerika Kusini katika karne ya 16, na kwa takriban miaka 400 ulistawi huku wengi wa maadui wake wakiwa wamebaki ng'ambo ya bahari. Kidung'ata alipovuka hatimaye, inadhaniwa ndani ya vipande vya mashina vilivyosafirishwa kwa ajili ya kupandwa, alivuka peke yake. Wale wamlao hawakuja naye. Hapo ndipo ulipokuwa msingi wa maafa yote: kwao alikuwa mdudu wa kawaida, adimu hata kuonekana, na Afrika akawa janga.

Katika miaka kumi na kidogo alienea kutoka bonde la Kongo hadi Afrika Magharibi, na katika miaka ya 1980 akafika nchi za Maziwa Makuu. Katika mashamba yaliyovamiwa vibaya, hasara ya mizizi ilitajwa kufikia asilimia 80. Pamoja na mizizi yalipotea majani, yaani kisamvu au sombe, ambayo kwa familia nyingi za Kongo na Burundi ndiyo mboga ya kila siku. Zilipotea pia mbegu za msimu uliofuata, kwa kuwa muhogo hupandwa kwa vipande vya shina na shina lenyewe lilikuwa limekauka.

Kunyunyizia sumu hakukuwa na maana kubwa. Muhogo hulimwa na watu wasio na fedha za kununua sumu msimu baada ya msimu, na nta ya kidung'ata humkinga. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, yenye makao Ibadan nchini Nigeria, ikachagua njia nyingine. Mwaka 1979 ilimwajiri mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Rudolf Herren, atafute huko ulikotoka muhogo ni kiumbe gani kinachomzuia kidung'ata asiongezeke.

Kazi haikuwa nyepesi. Upekuzi wa kwanza ulifanyika sehemu za kaskazini mwa Amerika Kusini, na kidung'ata aliyepatikana huko alifanana sana na wa Afrika, lakini alikuwa spishi nyingine na maadui zake hawakufaa. Mwaka 1981 Anthony Bellotti, mtafiti wa kituo cha CIAT cha nchini Kolombia, alimpata mhusika halisi Paraguay. Pamoja naye alikuwapo nyigu mdogo asiyezidi milimita mbili, anayeitwa leo Anagyrus lopezi.

Nyigu huyo hana haja na binadamu wala hamchomi. Jike huvutwa na harufu ya mmea wa muhogo ulioshambuliwa, humtafuta kidung'ata, kisha humtaga yai ndani ya mwili. Buu akianguliwa humla mwenyeji wake kutoka ndani hadi abaki ganda. Baadhi ya vidung'ata jike huwatoboa na kuwafyonza hapo hapo, bila kutaga. Jambo lililowahusu zaidi watafiti ni kwamba haonekani kujali kitu kingine: akipelekwa mahali pasipo na kidung'ata wa aina ile, hana pa kuzalia.

Hata hivyo hakuletwa moja kwa moja. Alipelekwa kwanza Uingereza, akawekwa karantini na kuchunguzwa ili asije na vimelea vyake mwenyewe, ndipo akasafirishwa Nigeria. Mwishoni mwa 1981 nyigu wa kwanza waliachiwa mashambani. Miaka iliyofuata walizalishwa kwa wingi na kusambazwa nchi hadi nchi, kwa magari, na mahali pengine kwa kumwagwa kutoka ndegeni. Katika muda wa takriban miaka kumi walikuwa wamekita makazi katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, na kidung'ata akarudi kuwa mdudu wa kutafutwa kwa macho makali.

Mwaka 1995 Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Wakati huo alikuwa akiongoza icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo. Ni vigumu kutaja mradi mwingine wa kilimo barani uliookoa chakula kingi kiasi hicho huku mkulima asitakiwe kununua chochote, na labda ndiyo sababu wakulima wengi hawakupata kujua kwamba walisaidiwa. Kidung'ata huyo alipoingia Thailand mwaka 2008, nyigu walichukuliwa kutoka kituo cha IITA nchini Benin. Mkimbizi wa Paraguay akawa anasafirishwa kama msaada wa Afrika kwa Asia.

Muhogo haukuwa salama milele, bila shaka. Leo tishio kubwa katika Maziwa Makuu ni magonjwa mawili ya virusi, batobato na michirizi ya kahawia, yanayoenezwa na inzi weupe pamoja na mbegu zenye maambukizi. Kwa hayo hakuna nyigu aliyepatikana wa kumaliza kazi kwa namna ile. Mkulima hushauriwa atumie mbegu safi na za aina zinazostahimili.

Fukusi wa Kameruni na mawese

Kisa cha pili kilielekea upande mwingine wa dunia. Mchikichi ni mti wa Afrika, lakini tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ulilimwa kwa mashamba makubwa Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Miti ilikua vizuri ila ilizaa kwa shida. Vitabu vilifundisha kwamba mchikichi huchavushwa na upepo, kwa hiyo waliodhaniwa kuwa na kasoro walikuwa upepo na mvua. Suluhisho likawa kuajiri vibarua wapite mti hadi mti, wakipuliza chavua kwa mkono juu ya maua ya kike.

Meneja mmoja wa mashamba, Mskoti Leslie Davidson, aliyekuwa amefanya kazi Kameruni, alikumbuka kuwa huko mti huzaa bila kusaidiwa na mtu. Mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistani, Rahman Syed, akatumwa Kameruni kuchunguza. Aligundua kwamba maua ya kiume ya mchikichi, yenye harufu kali inayofanana na ya anisi, hujaa mafukusi wadogo weusi. Hutaga mayai katika maua hayo, kisha hupitia maua ya kike, ambayo nayo hutoa harufu ya aina hiyo, wakiwa wamepakaa chavua mwili mzima. Fukusi aliyechaguliwa, Elaeidobius kamerunicus, aliachiwa Malaysia mwaka 1981. Baada ya muda mfupi uchavushaji wa mkono uliachwa.

Michikichi ya Rumonge, Fizi na Kigoma nayo huchavushwa zaidi na wadudu. Mwenye mti hawalishi wala hawaiti, na ni nadra kuwahesabu miongoni mwa mali zake. Hali ni hiyo hiyo kwa nyuki, pamoja na wale wadogo wasiouma, katika maboga, parachichi, maembe na maharagwe. Mbuni wa arabika wa Burundi na Rwanda waweza kujichavusha, lakini nyuki wakiwapo huzaa zaidi. Wa robusta, ulioenea Uganda, hauwezi kujichavusha kabisa. Ripoti ya kimataifa kuhusu wachavushaji iliyotolewa mwaka 2016 na jopo la IPBES ilisema kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani huwategemea kwa kiasi fulani. Haki ya hesabu yadai iongezwe kuwa mahindi huchavushwa na upepo, ndizi hazihitaji kuchavushwa, na mizizi ya muhogo hukua bila ua. Nyuki wakitoweka watu hawatakosa ugali. Watakosa kitoweo, matunda na fedha ya ada ya shule.

Chini ya taa za wavuvi

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ila samaki wake wote huishi katika tabaka la juu lenye oksijeni. Kutoka mita 200 hivi kwenda chini hakuna samaki awezaye kuishi. Ndani ya tabaka hilo la juu chakula cha ziwa zima hupitia kwenye viumbe wadogo kuliko chembe ya mchele, jamaa wa mbali wa kamba na kaa. Hao hula mwani usioonekana kwa macho. Mchana hushuka gizani kujificha, usiku hupanda juu, na ndagala huwafuata. Mukeke, anayeitwa migebuka upande wa Kigoma, huwafuata ndagala, na mvuvi mwenye taa huwangoja wote katika usiku usio na mwezi. Mpangilio wa uvuvi wa nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, hufuata safari ya kila usiku ya wanyama ambao hakuna mvuvi aliyepata kuwashika mkononi akawajua.

Humo humo huishi konyeza, mnyama laini kama uteute anayejulikana zaidi baharini. Wa Tanganyika ni mdogo, wa ukubwa wa sarafu, na waogeleaji hawana la kumhofia. Wazungu waliofika ziwani katika karne ya 19 walistaajabu kumkuta, wakabuni nadharia kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Nadharia hiyo ilikataliwa baadaye. Konokono wa ziwa hilo, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani, walikuwa wameongeza kosa: magamba yao manene yenye miiba hufanana na ya baharini.

Magamba hayo yamekuwa kumbukumbu. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona walichapisha matokeo ya kuchimba matope ya chini ya ziwa na kuhesabu mabaki ya samaki, konokono na viumbe wengine, tabaka kwa tabaka. Waligundua kwamba kadiri maji yalivyopata joto, ndivyo yalivyopunguza kuchanganyika, virutubisho vikabaki kilindini na sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni ikasinyaa kwa takriban asilimia 38 tangu miaka ya 1940. Upungufu wa samaki ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Habari hiyo haiwaondolei lawama wenye nyavu za macho madogo, lakini inaonyesha kuwa nyavu peke yake hazielezi yote.

Konokono wa maji baridi wana upande mwingine unaojulikana zaidi na wakazi wa fukwe. Aina chache kati yao hubeba kichocho. Mayai ya mnyoo huingia majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa, kiluwiluwi chake humwingia konokono na kuongezeka ndani yake kwa maelfu, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini kuoga, kufua au kuvua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 250 walihitaji tiba ya kinga mwaka 2021, wengi wao barani Afrika. Dawa ya prazikwanteli huua mnyoo, ila haimzuii mtu kuambukizwa upya akirudi majini. Katika Ziwa Malawi watafiti wamehusisha kuongezeka kwa kichocho ufukweni na kupungua kwa samaki walao konokono, waliovuliwa kupita kiasi. Konokono walikuwapo sikuzote. Aliyepungua ni mlaji wao, kama ilivyokuwa kwa kidung'ata.

Katika Ziwa Viktoria njia ya muhogo ilijaribiwa majini. Magugu maji, mmea wa Amerika Kusini ulioingia ziwani kupitia Mto Kagera mwishoni mwa miaka ya 1980, yalifunga bandari na mialo hadi kufikia zaidi ya hekta 17,000 mwaka 1998. Uganda ilianza kuachia mafukusi wa aina mbili walao mmea huo pekee mwaka 1995, zikafuata Kenya na Tanzania, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu kubwa ya zulia hilo ilikuwa imezama. Wataalamu wengine husema mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yalisaidia pakubwa, na hoja yao ina uzito. Magugu yamerudi mara kadhaa, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kenya, kwa kuwa taka za mijini na mbolea zinazosombwa na mito huendelea kuyalisha. Fukusi hula jani. Hawezi kuzuia maji machafu.

Udongo na kichuguu

Ardhini kazi ni ya kimya zaidi. Nyungunyungu hutoboa njia za maji na hewa. Mbawakawa wafukiao kinyesi cha ng'ombe huinua rutuba ya malisho na kupunguza inzi. Australia, iliyokuwa na ng'ombe wengi na mbawakawa wasiokizoea kinyesi chao, iliagiza baadhi ya mbawakawa hao kutoka Afrika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mchwa hulaumiwa kwa milango na nguzo zilizoliwa, na mwenye nyumba ana haki ya kulalamika. Ila mchwa wajengao vichuguu vikubwa hulima kuvu chini ya ardhi ili kumeng'enya miti mikavu, na kuvu hiyo ndiyo huchomoza mvua zinapoanza, ikawa uyoga wa kichuguu unaouzwa barabarani kutoka Katanga hadi Kigoma. Aina moja inayoota Zambia huwa na kofia ya upana unaofikia mita moja. Kumbikumbi wa mchwa hao huliwa. Masaka na Kagera huongeza senene, panzi wa kijani wanaovutwa kwa taa kali katika msimu wa mvua na kuuzwa kwa bei isiyokuwa ya kimaskini hata kidogo. Masoko ya Lubumbashi huuza viwavi vikavu kwa kipimo.

Adui wachache, sumu kwa wote

Hakuna anayedai kwamba wanyama hawa wote ni wema. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu 597,000 mwaka 2023, na wengi wao walikuwa watoto wa Afrika. Hata hivyo kati ya spishi zaidi ya 3,500 za mbu, waenezao malaria ni wa jenasi moja tu, anofelesi, na wala si anofelesi wote. Nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 walivuka hadi Uganda, na Februari 2020 wakaonekana kaskazini mashariki mwa Kongo, jambo lisilotokea tangu 1944. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hukadiria kwamba kundi la kilomita moja ya mraba hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Wakati nchi nyingine zikitegemea sumu za kemikali, Somalia ilitumia zaidi dawa ya kuvu inayoua nzige na jamii ya panzi, ikiwaacha nyuki.

Shida ya mkulima mdogo ni nyingine. Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, walimwingiza kwenye matumizi ya sumu mtu ambaye hapo awali hakuwa akinyunyizia mahindi yake chochote. Sumu nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo hazichagui. Huua kiwavi, na humuua pia nyigu amtagiaye mayai, buibui na siafu wamlao, na nyuki apitaye kwenye magugu ya maua. Kiwavi aliyejificha ndani ya kikonyo cha hindi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona kati ya wote hao, na akipona hukuta shamba lisilo na adui. Mwaka 2017 watafiti walitangaza nyigu mpya kwa sayansi aliyepatikana Kenya, wakamwita Cotesia icipe kwa jina la kituo cha Nairobi. Baadaye alikutwa akiwaua viwavi hao wageni mashambani bila ya kuletwa na mtu.

Njia zisizo za sumu zipo na hazihitaji maabara. Mbinu ya sukuma-vuta, iliyobuniwa na icipe pamoja na watafiti wa Kenya na Uingereza katika miaka ya 1990, hupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na majani ya malisho pembezoni ili yawavute. Wakulima wa kahawa wa Rwanda na Burundi, wanaopambana na mdudu wa antestia anayehusishwa na ladha ya kiazi kibichi kwenye kikombe, hushauriwa wapogoe mibuni iingie mwanga, kwa kuwa mdudu huyo hupenda kichaka kilichosongamana. Na anayelazimika kunyunyizia hushauriwa afanye hivyo jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani, wala si wakati mimea imechanua.

Kwa shamba la muhogo kuna alama ya kutazama kabla ya kushika bomba la kunyunyizia. Kidung'ata mzima ni laini na mweupe kama aliyepakwa unga. Aliyetagiwa na nyigu hugeuka rangi ya kahawia, hukakamaa na kuvimba kama pipa dogo, na akiwa na tundu la mviringo upande mmoja, nyigu amekwisha kutoka na yumo shambani akitafuta mwingine. Ncha yenye maganda kama hayo haifai kukatwa na kuchomwa moto, wala kupuliziwa sumu.